Namna ya Kuanzisha na Kudumisha Darasa la Kinavajo Mjini

Anayetaka kuanzisha darasa la Kinavajo, lugha ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, katika mji wa nchi hiyo kama Phoenix, Denver au Albuquerque atafute kwanza wazee wawili au watatu wanaoizungumza lugha hiyo tangu utotoni, na ayaache mambo ya ukumbi, vitabu na ratiba mpaka wazee hao wawe wamekubali. Nasema wawili au watatu kwa sababu mzee aliye peke yake hana wa kuzungumza naye, na mwanafunzi hupata mengi zaidi anapowasikiliza watu wazima wakitaniana, wakibishana na kukumbushana kuliko anaposomewa orodha ya maneno. Hayo mtoto aliyekulia katika nchi ya Wanavajo aliyasikia nyumbani kwa bibi yake. Mjini bibi yuko mbali, na darasa ndilo linaloshika nafasi yake.

Mwandalizi aijue pia historia inayoingia darasani pamoja na wanafunzi. Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, wana taifa lao lenye makao makuu Window Rock, nalo limeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Kwa miongo mingi watoto wao walipelekwa katika shule za bweni ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha yao; baadaye serikali ya Marekani ikawahimiza watu wahamie mijini kutafuta kazi, mpango uliotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1956. Wazazi wengi walioadhibiwa hivyo waliamua kutowafundisha watoto wao lugha hiyo, ili wasipatwe na yaliyowapata wao. Ndiyo maana utakutana na watu wazima wanaoelewa karibu kila kinachosemwa lakini hawathubutu kujibu. Hawa wasichanganywe na wanaoanza, wala wasisahihishwe mbele za watu, bali wapewe nafasi ya kuzungumza na mzee faraghani, hata ikiwa ni dakika 10 tu kabla ya kipindi. Wazee nao waombwe mapema wajizuie kuyacheka matamshi, kwa kuwa kicheko ambacho kwa mzee ni mapenzi, kwa mwenye haya kinatosha kumfanya asirudi wiki inayofuata.

Somo la kwanza liwe kujitambulisha, na lipewe wiki kadhaa bila haraka. Mnavajo anapojitambulisha kwa heshima hutaja koo nne: ukoo wa mama yake, ambao ndio wake mwenyewe, ukoo wa baba yake, ukoo wa babu mzaa mama na ukoo wa babu mzaa baba. Mtu wa ukoo wa Kinyaa'áanii atasema «Kinyaa'áanii nishłį́». Ikiwa baba yake ni wa Tódích'íi'nii ataongeza «Tódích'íi'nii bashishchiin», kisha atataja koo mbili zilizobaki kwa kutumia «dashicheii» na «dashinalí». Wanafunzi wengi wa mjini hawazijui koo zote nne, na hilo lisichukuliwe kuwa kasoro, kwani kazi ya nyumbani inakuwa tayari: wampigie simu bibi au shangazi wamuulize. Ambaye mama yake si Mnavajo atawataja watu wa mama yake kwa jina la Kinavajo, kwa mfano Bilagáana ikiwa ni Mzungu, na hapaswi kuonewa haya.

Koo zikishatajwa, darasa hubadilika. Wawili wanaogundua kwamba ni wa ukoo mmoja wamekuwa ndugu, na tangu siku hiyo wanapaswa kuitana kwa majina ya udugu badala ya majina yao ya shuleni. Hapa msomaji wa Kiswahili hana la kushangaa, kwa sababu dada ya mama huitwa shimá yázhí, yaani mama yangu mdogo, kama tunavyosema sisi. Mwalimu asisitize pia kwamba neno la udugu halisemwi bila mwenyewe: kuna shimá, mama yangu, na kuna nimá, mama yako, lakini hakuna «mama» anayeelea hewani. Mfumo huu wa udugu huitwa k'é, na kwa maoni yangu darasa lisilouweka mbele litafundisha msamiati kwa watu wasio na sababu ya kuutumia.

Baada ya hapo viingie vitenzi, na viingie kupitia mezani. Sisi tumezoea kitenzi kama «nitakupa» kubeba mtendaji, wakati na mtendewa. Kinavajo hubeba hayo na kuongeza umbo la kitu chenyewe. Anayeomba apewe tufaha husema «shaa ní'aah», maana ni kitu kigumu cha mviringo. Akitaka kalamu, iliyo nyembamba na ngumu, husema «shaa nítįįh». Kitambaa au karatasi ni «shaa níłtsóós», na maji yaliyomo kikombeni ni «shaa níkaah». Panga vitu hivyo mezani, mweke mzee upande mmoja, na mwanafunzi asipewe kitu mpaka ataje kitenzi kinachokifaa. Zoezi hili linachosha vidole kuliko kichwa, na watoto hulipenda.

Matamshi yafundishwe humo humo. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hubadilisha maana, kwa mfano azee' ni dawa na azéé' ni mdomo, kwa hiyo alama juu ya irabu haiwezi kuachwa kama pambo. Tahajia inayotumika leo ilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Robert W. Young na William Morgan, waliochapisha kamusi mwaka 1943. Kabla ya kugawa karatasi, hakikisha kwamba kompyuta na printa hazikuzila alama, hasa penye herufi kama ą́ yenye alama juu na chini.

Kalenda ndiyo inayowaponza waandalizi wengi wenye nia njema. Hadithi za Ma'ii, yaani mbweha, pamoja na michezo ya kamba za vidoleni na mchezo wa viatu uitwao késhjéé', ni mambo ya majira ya baridi, wakati wanyama wanaojificha wamelala, na hukoma radi ya kwanza inaposikika. Basi anza mwaka wa masomo mwezi wa Oktoba, ambao kwa Wanavajo huitwa Ghąąjį' na ndio mwanzo wa mwaka, uzitumie wiki za baridi kwa hadithi, na radi ikipiga uhamie kwenye kondoo, ufumaji na mimea. Usirekodi hadithi bila ruhusa ya mzee, maana rekodi haijui majira. Jua likipatwa, kipindi kiahirishwe kwa kufuata desturi ya Wanavajo: kupatwa kwa tarehe 14 Oktoba 2023 kulipopita juu ya nchi yao, hata mbuga ya Monument Valley ilifungwa kwa wageni. Sherehe za uganga ni kazi ya hataałii, yaani mganga wa jadi, na darasa lisizifundishe.

Kuhusu mahali, vituo vya jamii za wenyeji asilia mijini ndivyo pa kuanzia. Phoenix Indian Center, kwa mfano, kipo tangu mwaka 1947. Fedha za serikali kuu hupatikana kupitia Administration for Native Americans, idara ya serikali hiyo inayowahudumia wenyeji asilia, hasa kwa sheria ya mwaka 2006 ya kuhifadhi lugha zao, iliyopewa jina la Esther Martinez, mtetezi wa lugha ya Kitewa. Ziombwe, lakini darasa lipangwe liweze kuishi hata zikikatika, likiwa na ukumbi, sufuria ya mchuzi wa kondoo, na nauli za wazee, ambazo zisikosekane kamwe.

Kipindi kimoja kwa wiki hakitoshi. Kila familia ichague chumba kimoja, jikoni pakiwa bora, ambamo Kinavajo pekee kinaruhusiwa, na aliyekwama aonyeshe kwa kidole badala ya kurudia Kiingereza. Mwisho wa mwaka wa kwanza msiwape wanafunzi karatasi ya mtihani. Mwalikeni mzee asiyewafahamu, kila mmoja ajitambulishe kwake kwa koo nne, amwite kwa jina la udugu linalomstahili, kisha amwombe kikombe cha maji kwa kitenzi chake.