Uko Marekani na una hela Kenya? Mambo ya kuzingatia kabla hujajaza kodi wala kupanga kustaafu

Nianze na lile watu hulikimbia. Ukiwa na grinikadi au uraia, Marekani inataka kujua kipato chako chote, kitoke pembe gani ya dunia. Pesa za wapangaji wako Bamburi, riba ya fiksi ya benki, gawio la SACCO, vyote vinaingia kwenye fomu 1040, ritani ya kodi ya Marekani, hata kama hiyo hela haijawahi kutoka Kenya na kazi yake ni kulipia skuli watoto wa ndugu yako. "Lakini KRA nishawalipa kodi ya Kenya." Sawa, weka risiti, zitakusaidia kudai usitozwe mara mbili, lakini kutaja lazima utaje. Na ujue Marekani na Kenya hazina mkataba wa kodi, na Tanzania pia hawana, kwa hiyo shemeji yako wa London au Toronto akikupa ushauri usiufuate kichwakichwa, Uingereza na Canada zina mkataba na Kenya, hesabu zao ni nyingine.

PIN yako ya KRA hailali kwa sababu umepanda ndege. Ritani mwisho wake ni tarehe 30 Juni kila mwaka, na ukichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Ikiwa huna kipato Kenya jaza ya sifuri, ni dakika chache.

Mwenye nyumba ya kupangisha angalia vizuri hapa. Mkaazi wa Kenya anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anakatwa asilimia 7.5 ya anachopokea, kiwango hicho ni tangu Januari 2024. Asiyekuwa mkaazi hana hiyo raha, anakatwa asilimia 30. Sasa nani mkaazi? Wengi hudhani ni kukaa siku 183. Hiyo ni njia moja tu, sheria inasema pia ukiwa na makao yako ya kudumu Kenya na ukawa nchini kwa muda wowote ule katika mwaka, umeshakuwa mkaazi kwa mwaka huo. Yaani ile wiki mbili ya Disemba uliyokuja kula pilau inaweza kubadilisha hesabu yote. Weka tiketi zako, na muhuri wa pasipoti upige picha.

Sasa hili la akaunti soma polepole, maana hapa ndipo nimeona watu wakilia.

Kuna ripoti inaitwa FBAR. Haiendi pamoja na 1040, inajazwa peke yake onlaini kwa FinCEN, ambayo iko chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Ukijumlisha akaunti zako zote zilizoko nje ya Marekani na jumla ikawahi kupita dola 10,000, hata kwa siku moja tu ndani ya mwaka, unatakiwa uijaze. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama milioni 1.3. Wengi wakifika hapo hupumua, ah, mimi sina hizo. Ngoja kwanza. Hawaulizi tu hela ni ya nani, wanauliza pia ni sahihi ya nani inayoweza kuitoa.

Binamu yangu ni muuguzi, anakaa karibu na Minneapolis. Yeye na ndugu zake walichanga kununua shamba Kilifi, wakafungua akaunti ya pamoja kwenye benki moja Mombasa, na kwa vile yeye ndiye mkubwa na ndiye anayeaminika, alipokuja likizo akapelekwa akatia sahihi. Hela nyingi ilitoka kwa kaka yao aliyeko Doha na mwingine wa Nairobi, yeye alituma kidogokidogo. Mwenye shamba naye akawazungusha, kesi ya mirathi haiishi, leo hati iko kwa wakili kesho iko kortini, hela ikakaa mle benki miaka na miaka ikafika milioni nne na riba juu yake. Yeye hakuwahi kutoa hata shilingi, password ya hiyo akaunti hata hakuwa nayo.

Huku Minneapolis kila mwaka alikuwa akienda kwa jamaa mmoja anayejazia watu kodi, ofisi iko nyuma ya duka la vyakula, bei nafuu na refandi inakuja haraka. Chini kabisa ya Schedule B, kile kiambatisho cha 1040 cha riba na gawio, sehemu ya tatu, kuna swali kama una akaunti nchi ya nje au una mamlaka ya kutia sahihi kwenye akaunti ya aina hiyo. Kuna viboksi viwili, ndiyo na hapana. Yule jamaa alikuwa anatia hapana bila kuinua macho wala kumuuliza, alafu anamgeuzia kompyuta, tia sahihi hapa dada. Na anayetia sahihi ndiye mwenye dhamana, si yule jamaa.

Siku moja ile benki ya Mombasa ikamtumia fomu ya FATCA, ile sheria ya Marekani inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za watu wake, wanataka namba yake ya Social Security. Akashtuka, benki ya Mombasa inataka namba yangu ya Marekani ya nini? Alipoipeleka kwa mhasibu wa kweli ndipo akaambiwa miaka yote hiyo alitakiwa kuripoti, na aripoti salio lote, si fungu lake peke yake, na ile riba iliyokuwa inaingia nayo alikuwa na sehemu yake ya kuitaja.

Kuna njia ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa waliokosea bila kukusudia. Ukiwa unaishi Marekani unarekebisha ritani za miaka mitatu, unajaza FBAR za miaka sita, unaandika maelezo kwa mkono wa ukweli kueleza ilikuwaje hata hukuripoti, na unalipa asilimia 5 ya salio la juu kabisa la mwisho wa mwaka katika miaka hiyo. Kwake hiyo asilimia 5 ilikuja kama laki mbili za Kenya. Mhasibu alimchaji zaidi ya hiyo. Na stetimenti je? Miaka sita ya stetimenti, benki ikasema aje mwenyewe, baadaye wakakubali barua iliyothibitishwa na wakili, mdogo wake akawa anashinda kwenye foleni pale Digo Road, kila ukurasa unalipiwa na kila ukurasa unataka muhuri, na mwaka mmoja ukakosekana ikabidi arudi tena.

Alipoweka gharama kwenye grupu la WhatsApp la familia, wa Nairobi akakaa kimya. Wa Doha akaandika "pole sana dada" na vile vimikono vya dua. Basi. Alilipa peke yake, na shamba mpaka leo hati haijatoka.

Kwa hiyo kabla hujakubali kuwa mtia sahihi wa chama, kamati ya matanga, akaunti ya mama ya hospitali, msikiti au kanisa la nyumbani, uliza mtu mwingine kama anaweza. Ukishindwa kukataa, jaza FBAR kila mwaka, ni bure, siku ya mwisho ni 15 Aprili na ikikupita inasogea yenyewe hadi 15 Oktoba. Andika salio la juu kabisa la kila akaunti mwaka ule, piga skrinishoti mapema, usingoje Aprili kuanza kumsumbua mtu wa benki. Na kama umechelewa miaka, usianze kujaza ya mwaka huu tu kimyakimya kama hapakuwa na kitu nyuma. Ongea na mtu anayejua kwanza, maana faini ya kawaida kwa aliyekosea bila kukusudia inaweza kupita dola 10,000 kwa kila ripoti. Na hapo shukuru, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyoamua ihesabiwe kwa ripoti, kabla ya hapo serikali ilikuwa inataka kuhesabu kwa kila akaunti.

Zile MMF za Kenya, mifuko ya pamoja ya kuweka hela ipate riba, ambazo kila mtu anazisifu kwenye simu, kwa mkaazi wa Nairobi ni nzuri, kwako wewe ni shida. Marekani inazihesabu kama mfuko wa uwekezaji wa nje, zina fomu yake 8621 na kodi yake ni chungu. Uliza kabla hujaweka, ukishaweka ni kazi nyingine.

Kwenye kustaafu. Kazini wakikupa 401(k), ile akiba ya kustaafu inayokatwa kwenye mshahara, na wanakuongezea, chukua, hiyo ni hela ya bure, ila soma lazima ukae miaka mingapi ndipo nyongeza iwe yako. Ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kuna kodi na faini ya asilimia 10 juu yake, na nimeona watu wakiitoa yote wakajenge, wanabaki wakishangaa imeenda wapi. Ukibadilisha kazi usiiache ukaisahau, ikiwa ndogo chini ya dola 7,000 mwajiri anaweza kuitoa kwenye mpango wake bila ruhusa yako, na ikiwa chini ya 1,000 anaweza kukutumia cheki kwa anwani ile ya zamani uliyohama.

Halafu jina la mrithi. Lile ulilojaza kwenye fomu ya 401(k) lina nguvu kuliko wosia wako, na kama umeoa au kuolewa, mwenzio ndiye wa kwanza kisheria mpaka atie sahihi kukubali vingine. Mtu ana wosia mzuri kwa wakili Mombasa, kule kwenye fomu bado kuna jina la mchumba wa zamani. Ingia leo uangalie.

Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, inataka pointi 40, zinapatikana nne kwa mwaka, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi inayokatwa kodi. Marekani na Kenya hazina makubaliano ya kuunganisha michango, miaka yako ya NSSF haihesabiki huku na ya huku haihesabiki kule, kwa hiyo mwenye pointi 36 anayetaka kurudi nyumbani namwambia vumilia mwaka mmoja. Mkenya asiye raia wa Marekani akiwa na hizo 40 anaweza kulipwa akiwa Kenya, ila anakatwa asilimia 25.5 kabla haijamfikia. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, usiiweke kwenye hesabu, hailipi hospitali ya Mombasa.

Na ukirudi kwa kukaa, grinikadi kulala kwenye droo hakukutoi kwenye kodi, hata ikiexpaya. Lazima uirudishe rasmi kwa fomu I-407, na kama umekuwa nayo katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho, pitia kwa mhasibu kabla hujairudisha maana kuna kodi ya kuiacha grinikadi inayowapata baadhi ya watu. Ukishakuwa nje kabisa, 401(k) wanaikata asilimia 30 mbele, alafu sehemu unaweza kuidai kwa kujaza 1040-NR, ritani ya asiyekuwa mkaazi wa Marekani. Wala usiishi kwa anwani ya rafiki, kampuni nyingine zikigundua uko nje zinakufungia akaunti.

Mwisho mtu wa kodi mwenyewe. Akikwambia mweke mama aliyeko Kwale kama tegemezi ili refandi iongezeke, ondoka, mzazi asiye raia wa Marekani lazima awe anaishi Marekani, Canada au Meksiko. Anayelipwa kujaza lazima awe na PTIN, namba ya IRS ya wanaolipwa kujazia watu kodi, na atie sahihi yake kwenye fomu. Akikuambia andika umejaza mwenyewe, au refandi iingie kwanza kwenye akaunti yake, ondoka vilevile, na fomu zako ondoka nazo.