Rudisha jibu kwa swali: vile ya kujizoesha aljebra bila kujidanganya

Jumapili moja mtoto wa dada yangu, yuko Fomu 3, alikuja kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, na daftari tatu za hesabu zimejaa kabisa, ameandika na kalamu mbili, bluu na nyekundu, kila swali lina jibu lake limepigiwa mstari chini. Nikamwambia sawa, funga hizo zote, nifanyie hii moja tu: 3(x − 4) = 5x + 2.

Akaandika 3x − 4 = 5x + 2, akahamisha vitu huku na huku, akapata x = −3. Halafu akaniangalia usoni. "Anko, ni hivyo?"

Hilo "ni hivyo?" ndio ugonjwa wenyewe. Ukiwa soko la Kibuye umenunua omena na noti ya mia tano huwa huulizi mama wa omena kama chenji ni sawa, unahesabu mwenyewe ukiwa bado umesimama hapo. Na aljebra ni hivyo hivyo, jibu lako unaweza kulikagua mwenyewe bila mwalimu, bila majibu ya nyuma ya kitabu, bila simu. Nikamwambia haya, weka hiyo −3 mahali pa x. Akaiweka, kushoto akapata −13, kulia akapata −13, akafurahi. Nikamuuliza umeiweka wapi? Kumbe ameiweka kwa mstari wake wa pili, ule wenye makosa tayari! Jibu linarudishwa kwa swali LENYEWE vile lilivyoandikwa. Rudisha sasa: kushoto 3(−3 − 4) ni 3 mara −7, hiyo ni −21, kulia 5(−3) + 2 ni −13. Hazifanani. Basi kuna mahali tumeibiwa, na ni pale kwa mabano, ile 3 haikumfikia 4. Ukifungua vizuri unapata 3x − 12 = 5x + 2, alafu −14 = 2x, x = −7. Rudisha: kushoto 3 × −11 = −33, kulia −35 + 2 = −33. Sasa unaweza kulala.

Hiyo ndio kitu nataka ushike kwa hii maneno yote, iwe uko Fomu 3 ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani, ama Gredi 10 ya CBC, ule mtaala mpya, aljebra ni ileile.

Kuhusu zile daftari tatu. Kunakili mifano iliyofanywa si mazoezi, ni mwandiko. Ukisoma mfano unaona kila mstari unaeleweka, unasema ah hii najua, kesho ukipewa swali mkono unaganda. Fanya hivi, chukua mfano, uufunike na kitabu ingine uache mstari wa kwanza tu, andika wewe mstari wa pili, teremsha kitabu uone kama mmepatana, endelea hivyo. Pale mtakapoachana na kitabu ndio somo lako la siku hiyo liko, kwingine huna shida kabisa. Maswali sita kwa siku yanatosha kama umeyafanya hivyo, arobaini ya kukimbia hayana maana. Na uwe na daftari moja ndogo ya makosa, si ya masahihisho, ya MAKOSA, unaandika ule mstari mbaya vile ulivyouandika na kando yake sababu kwa maneno yako, "sikuzidisha 4". Baada ya siku tatu rudia lile swali bila kuchungulia. Yangu nilipokuwa shule ilionyesha karibu kila kosa langu lilikuwa alama ya kutoa mbele ya mabano, nilikuwa nadhani mimi ni mjinga wa hesabu kumbe nilikuwa na tatizo moja tu lenye sura nyingi.

Ujanja mwingine, na huu naupenda kuliko yote, ni kujitengenezea swali kutoka kwa jibu. Amua x = 4. Sasa jenga: 2x ni 8, ongeza 7 ni 15, basi swali ni 2x + 7 = 15. Chafua zaidi, ongeza x pande zote mbili, 3x + 7 = x + 15. Mpe rafiki yako alitatue, wewe unajua jibu. Ukishachafua maswali kama kumi hivi, kusafisha kunakuwa rahisi kwa sababu umeona ndani ya mashine. By the way hili neno aljebra lenyewe limetoka kwa Kiarabu, al-jabr, kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama vile mtu anaunga mfupa, na al-Khwarizmi aliyeandika habari zake pale Baghdad karibu mwaka 820 alimaanisha hii hii kazi ya kuchukua kinachotolewa upande mmoja na kukirudisha kwa ule mwingine. Kwa hivyo ukihamisha −12 ikawa +12, si uchawi, umeongeza 12 pande zote mbili.

Maswali ya hadithi watu huyaogopa bure. Chapati tatu na chai mbili ni 90, chapati mbili na chai nne ni 100. Kosa la kwanza ni kusema c ni chapati. Hapana, c ni BEI ya chapati moja, shilingi, namba. Andika hivyo kabisa juu ya ukurasa. 3c + 2t = 90 na 2c + 4t = 100, zidisha ya kwanza kwa 2 upate 6c + 4t = 180, toa ya pili, 4c = 80, c ni 20, t ni 15. Rudisha kwa ile hoteli, si kwa ikwesheni peke yake: chapati tatu 60, chai mbili 30, jumla 90, sawa. Ukipata chapati moja ni 170 si ujue tu kuna shida, kwani ni chapati ya nini.

Na za mraba, tafadhali usigawe kwa x. Swali x² = 5x, mtu anakata x pande zote anaandika x = 5 anaenda zake, amepoteza 0. Leta zote upande mmoja, x² − 5x = 0, x(x − 5) = 0, majibu ni mawili. Lakini pia si kila jibu la ikwesheni ni jibu la hadithi. Kashamba kule Vihiga, urefu unazidi upana kwa mita 5, eneo ni mita 84 za mraba, unapata (w + 12)(w − 7) = 0, sasa upana ni 7, ile −12 unaiandika halafu unaikataa na sababu, hakuna shamba la upana wa kutoa kumi na mbili hata kama ndugu wamegawana mpaka limeisha.

Sasa inikwaliti, yaani zile zenye alama ya ndogo kuliko ama kubwa kuliko badala ya sawa. Hapa ndipo watu huimba sheria bila kujua maana, "ukigawa kwa hasi geuza alama", halafu wengine wanaigeuza hata pale wametoa tu namba, wengine wanasahau kabisa. Fikiria deni. 2 ni ndogo kuliko 5. Sasa fanya zote deni, −2 na −5, nani ana afadhali? Mwenye deni la 2. Kwa hivyo −2 ni kubwa kuliko −5, mpangilio umegeuka wenyewe, na hakuna kingine cha kukariri. Chukua 7 − 2x < 15. Toa 7, −2x < 8, hapo hatujagusa alama. Gawa kwa −2, x > −4. Lakini inikwaliti haina jibu moja la kurudisha, ina kundi zima, kwa hivyo unajaribu mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Ndani, 0: 7 < 15, kweli. Nje, −5: 7 + 10 ni 17, je 17 < 15? Uongo, na ndivyo tulitaka. Ungesahau kugeuza ungesema x < −4, na hiyo 0 ingekushtaki papo hapo. Mimi sifuri huijaribu kwanza kila mara, haina gharama.

Zile za pande tatu, kama x + 2 < 3x − 4 ≤ 17, usijaribu kusukuma zote kwa wakati mmoja, itakula kwako. Zikate mbili. x + 2 < 3x − 4 inatoa x > 3. 3x − 4 ≤ 17 inatoa x ≤ 7. Ukiulizwa namba nzima ni 4, 5, 6, 7, ile 3 haimo, kwenye mstari wa namba yake inachorwa kaduara wazi na ya 7 kaduara kamejazwa. Maksi nyingi hupotelea kwa hako kaduara.

Na kwa pesa: una 500, nauli kwenda na kurudi 120, daftari moja 45. 45n + 120 ≤ 500, n ≤ 8.44. Jibu ni daftari 8. Hakuna duka litakukatia nukta nne ya daftari, na ukipandisha ikawa 9 unahitaji 525, utarudi nyumbani kwa miguu.

Fankisheni zinatisha kwa jina tu. Ni posho mili. Unaweka mahindi unatoa unga, na ukiweka mahindi yaleyale leo na kesho lazima utoe unga uleule, ikikupa vitu viwili tofauti hiyo si fankisheni. f(x) haimaanishi f mara x. Boda anayeanzia 50 na kuongeza 20 kila kilomita ni f(k) = 50 + 20k, kilomita 3 ni 110, basi. Zoezi la maana hapa ni kuweka hasi ndani ya mabano, f(x) = x² − 3x, f(−2) ni (−2)² − 3(−2), yaani 4 + 6 = 10. Bila mabano unaandika −4 na siku yako imeharibika. Jaribu pia kama f(2) + f(3) ni sawa na f(5). f(2) ni −2, f(3) ni 0, f(5) ni 10. Haiwi, mili haigawanyi hivyo.

Zoezi moja la kuunganisha yote, chora y = x² − 4x + 3. Jaza jedwali kutoka x = −1 mpaka 5: 8, 3, 0, −1, 0, 3, 8. Angalia hizo namba, zinashuka na kupanda kama kioo, ukiona moja imekataa kufanana na mwenzake irudie kabla hujagusa karatasi ya grafu. Unganisha nukta kwa mkono, si kwa rula. Sasa pale mchoro unakata mstari wa x, kwa 1 na 3, ndio majibu ya x² − 4x + 3 = 0. Na pale umezama chini ya mstari huo, kati ya 1 na 3, ndio jibu la x² − 4x + 3 < 0. Mchoro mmoja umejibu ikwesheni, inikwaliti na fankisheni, nilipomwonyesha huyu msichana wa dada yangu alisema "woi, kumbe ni kitu kimoja".

Saa anza kuiweka baadaye, ukishazoea kurudisha majibu. Pepa ya hesabu ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa Fomu 4, ni masaa mawili na nusu kwa maksi 100, hiyo ni dakika moja na nusu kwa maksi, swali la maksi 3 usilipe zaidi ya dakika nne na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 na yote ni lazima, ya pili unachagua 5 kati ya 8. Na zile app za simu za kupiga picha swali zikupe jibu, zitumie ukiwa umemaliza na umekagua, si kabla.

Ya leo usiku kama stima iko, na hata kama haiko: 4 − 3(x − 2) > 1. Jibu sikupi. Ukimaliza weka 2 uone, halafu weka 4, moja itakubali na ingine itakataa.