Jinsi ya kujenga baa ya wachawi katika hadithi yako

Karibu kila hadithi ya uchawi ninayoletewa niihariri ina baa ndani yake. Mishumaa inaelea hewani, mzee aliyejifunika kofia amejibanza kwenye kona yenye giza, mhusika mkuu anakabidhiwa ramani, anaondoka. Ukiifuta baa nzima, hadithi haipungukiwi na kitu. Sina ugomvi na mishumaa. Shida ni kwamba mwandishi ameanza na mapambo kabla hajajua watu wamefuata nini pale.

Anza na swali hili: kwa nini watu wasiopendana wanalazimika kulala chini ya paa moja usiku huu? Katika njia za misafara jibu lilikuwa umbali na usalama. Sultan Han, nyumba ya wageni ya misafara karibu na Aksaray nchini Uturuki, ilijengwa mwaka 1229: kuta nene, uwanja katikati, lango moja. Ukimkuta hasimu wako ndani, mtavumiliana mpaka kuche, maana nje kuna majambazi.

Uchawi unaliharibu jibu hilo. Anayesafiri kwa ungo ana haja gani ya kulala njiani? Kwa hiyo tafuta kikwazo kinachowashinda hata wenye uwezo. Tuseme kuna mto ambao usiku humeza kivuli cha chochote kinachopita juu yake, na asiye na kivuli hafiki ng'ambo. Basi mchawi, mchuuzi wa chumvi na askari anayemsaka mchawi huyo wote wanangoja kivuko cha alfajiri. Hata mazungumzo hujaandika, na tayari pamechemka.

Kisha mwenye nyumba. Hapa usifanye haraka. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zina umri wa zaidi ya miaka 3,700, na ya 109 inasema kwamba mwanamke mwenye kilabu ambaye wahalifu wamekutana nyumbani kwake, naye asiwakamate na kuwapeleka ikulu, atauawa. Soma tena. Mfalme alijua fika vilabuni watu hawaendi kunywa tu, akamtwika mama muuza pombe mzigo wa kuwa jicho lake. Mpe mwenye nyumba wako mzigo wa namna hiyo: ikulu inamtaka aseme, wateja wanamtaka anyamaze, na yeye anataka kuishi.

Uwezo wake uwe mdogo. Nimechoshwa na wenye baa ambao zamani walikuwa majemadari na wanaweza kumgeuza mlevi kuwa chura; mtu kama huyo hana cha kuogopa, na asiye na cha kuogopa hana hadithi. Mimi ningempa daftari la wageni. Mlango wa chumba haufunguki mpaka mgeni aandike jina lake la kweli, lile analolijua mama yake na adui akilipata amekwisha. Askari analitaka daftari. Mchawi anataka ukurasa wake uchanwe. Mchuuzi wa chumvi, ambaye hakuna aliyemtazama mara mbili, ndiye anayekataa kuandika.

Ukumbi wenyewe upange kwa kujiuliza nani anasimama na nani anakaa. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, bado zipo kaunta za mawe zilizopachikwa mitungi, zinazotazama barabara. Mwenye haraka angeweza kuhudumiwa palepale na kwenda zake. Kwako je, jini la moto linakaa wapi ikiwa paa ni la makuti? Mzimu hanywi, basi analipia kiti chake kwa kulinda zamu ya usiku.

Jina la baa liwe kitu kinachochoreka. Mwaka 1393 mfalme Richard wa Pili wa Uingereza aliwaamuru wauza pombe watundike alama nje, na kwa wasiojua kusoma picha ndiyo iliyokuwa jina.

Wateja wa kila siku wape shughuli isiyo ulevi. Mkahawa wa Edward Lloyd jijini London, miaka ya 1680, ulijaa mabaharia na wenye meli waliofuata habari za safari. Biashara ya bima ya meli ikakulia hapohapo mezani. Wachawi wako wanaweza kuuziana upepo wa kusafiria, au kuwekeana dhamana ya nyungo zisizorudi. Wakiwa na biashara, watagombana juu ya kitu chenye thamani, na wewe hutahitaji kurusha viti ili ukurasa uchangamke.

Ukimaliza, mtoe mhusika mkuu kabisa na uandike ukurasa mmoja wa jioni ambayo hayupo. Ukikwama, rudi kwa mwenye nyumba umuulize anamficha nani.