Mapigo Kwanza, Noti Baadaye: Kufundisha Watoto Mdundo kwa Michezo

Kosa linalorudiwa mara nyingi katika vipindi vya muziki ni kuanzia ubaoni, kwa kuchora noti na kutaja thamani zake, kabla mtoto hajayasikia mapigo mwilini mwake. Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950), mwalimu wa muziki wa Uswisi, aliijenga mbinu yake juu ya mwendo wa mwili, na kwa watoto wadogo sioni njia iliyo bora kuliko hiyo.

Anza, basi, kwa kutembea. Piga ngoma kwa mwendo uliochangamka kidogo, kwa kuwa mapigo yaliyoachana sana humshinda mtoto kuyasubiri, nao watoto wakanyage kila pigo linapolia. Ngoma ikinyamaza ghafla, wagande walipo. Wakishauzoea mchezo huo, ugeuze: ngoma inyamaze kwa mapigo manne, lakini miguu iendelee, kisha ngoma irudi na kila mmoja asikilize kama bado anakwenda nayo sawia. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuyabeba mapigo moyoni.

Mdundo, yaani mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya mapigo, hufundishika kwa majina ya wanyama. "Paka" huchukua mapigo mawili, silabi moja kwa kila pigo. "Kipepeo" huchukua mapigo mawili yaleyale, ila kila pigo hubeba silabi mbili. "Kasuku" huanza kwa silabi ndefu na kumalizia kwa mbili fupi, na hivyo mkazo wake, ulio kwenye "su", huangukia pigo la pili bila kulazimishwa. Kundi moja liseme "paka" mfululizo na jingine "kipepeo", miguu ya wote ikikanyaga mapigo, kisha yabadilishane kwa ishara yako. Maneno hayo yakishakaa, yapishe silabi zinazotumika katika mbinu ya Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria: "ta" kwa pigo zima, "ti-ti" kwa pigo lililogawanywa mara mbili. Alama za kuandikwa zifuate baada ya hapo.

Kimya ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu watoto hukiruka wakiwahi sauti inayofuata. Kipe tendo lake: makofi matatu, na pigo la nne viganja vifunguliwe hewani.

Anayechelewa usimkosoe kwa maneno. Simama ubavuni pake, mkanyage mapigo pamoja, au mwache aweke kiganja kwenye ubavu wa ngoma wakati unapoipiga.