Foili kwenye chetezo cha umeme

Kwa mnaofukiza udi ndani kwa chetezo cha umeme: kabla ya kuweka udi, tandika kipande cha foili kwenye kisahani kinachopata moto, ukipapase kwa mgongo wa kijiko kilale sawasawa, kisha kunja kingo zake juu kidogo. Harufu ya udi imo kwenye mafuta na utomvu wake. Moto wa wastani unayatoa taratibu. Moto ukizidi, mti wenyewe unaungua na chumba kinajaa moshi. Utomvu unaoganda kwenye kisahani kitupu huungua upya kila ukiwasha, na harufu hiyo kali huharibu hata udi wa bei. Foili inaupokea wote, unaitupa. Toa vipande vya udi vikiwa kahawia iliyokolea, kabla havijawa vyeusi. Kwa kuwa moto ukizidi unaharibu udi, wakati wa kununua natazama kwanza kama chetezo kina kitufe cha kupunguza moto; nakshi za dhahabu baadaye.

Foili inaposhindwa ni kwa ubani na udi wa sukari, yaani uliopikwa na sukari. Hivi viwili huyeyuka na kutiririka, na kwenye foili yenye tundu hata dogo havizuiliki, basi weka foili mbili. Uchafu uliokwisha kuganda: chomoa waya kwanza, subiri kisahani kibaki vuguvugu, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usiwashe mpaka spiriti ikauke kabisa, inashika moto upesi. Na usikitumbukize chetezo kwenye maji.