Vipapatio vya moshi nyumbani: viungo havina kosa, tazama moto

Mdogo wangu alinipigia simu juzi. Vipapatio vyake vimetoka vichungu kama shubiri, na ngozi inavutika kama mpira wa baiskeli. Akaanza kunitajia viungo alivyotumia, nikamkatiza. Makosa yote mawili niliyafanya kabla yake, na viungo havihusiki. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Kausha ngozi

Kata kwenye maungio, ncha ziweke kando kwa ajili ya supu. Usivioshe: maji husambaza vijidudu kwenye sinki, na sisi tunataka ngozi kavu. Vifute kwa karatasi za jikoni. Kwa kila kilo, changanya vijiko viwili vya chai vya chumvi na viwili vya beking poda. Soma kopo vizuri, maana ukikosea ukaweka soda ya kuokea utakula sabuni. Vipange juu ya wavu, uviache kwenye friji bila kuvifunika hadi kesho yake.

Hatua ya 2: Viungo

Pilipili manga, paprika, kitunguu saumu cha unga. Upendavyo. Sukari tu ndiyo usiweke sasa, itaungua.

Hatua ya 3: Moto na moshi

Natumia jiko la mkaa lenye mfuniko na matundu ya hewa juu na chini. Majiko ya umeme ya kufukizia hayana usumbufu, lakini mengi hayafikii joto tutakalolihitaji mwishoni. Na kazi hii ni ya nje, hata mvua ikinyesha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua.

Washa mkaa hadi ufunikwe na majivu meupe, kisha usogeze wote upande mmoja. Nyama itakaa upande wa pili. Usiwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake haitoki.

Sasa kuni. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Nilikuwa nimeambiwa kuni zilizolowekwa hutoa moshi zaidi, nikaloweka vipande usiku kucha. Kilichotoka mwanzoni kilikuwa mvuke wa maji tu, na moto ukapoa. Kuni zikabaki zinafuka bila kuwaka, moshi mweupe mzito kama pamba. Mimi nikafurahi! Nikaziba na tundu la juu ili moshi usipotee. Baada ya saa nne vipapatio vilikuwa na utando mweusi unaonata, na hata paka alivinusa akaondoka.

Kwa hiyo: kuni kavu, kipande kimoja au viwili vya ukubwa wa ngumi, visiwe vijiti vya kuungua mara moja. Mwembe, mpera au mchungwa vinafaa. Msonobari una utomvu, uache. Mbao zilizopakwa rangi au dawa usiziguse kabisa. Kipande cha pili kiweke karibu na makaa kipate joto, ili kikiingia motoni kiwake upesi.

Tundu la juu liwe wazi muda wote, nalo likae juu ya nyama ili moshi upite hapo ukielekea nje. Joto lidhibiti kwa tundu la chini. Ukiona moshi mweupe mzito, nyama isiingie. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Moshi mzuri ni mwembamba, una rangi ya samawati kwa mbali, na wakati mwingine huuoni kabisa, unaunusa tu. Ndiyo, utadhani hakuna kinachoendelea. Usiongeze kuni.

Lenga nyuzi 120 hadi 130 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi saa nzima. Kipimajoto cha kwenye mfuniko usikiamini, kinapima hewa ya juu. Weka kingine usawa wa wavu.

Hatua ya 4: Ngozi

Moto mdogo hauyeyushi mafuta ya ngozi vya kutosha, ndiyo maana ya mpira. Ongeza makaa yaliyokwisha kuwaka, fungua tundu la chini, jiko lifike nyuzi 200. Geuza kila baada ya dakika chache kwa koleo, dakika 15 hivi. Oveni pia inafaa.

Hatua ya 5: Pima

Choma kipimajoto penye nyama nene bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 ni salama, lakini mimi hungoja 82 hadi 85, kwa sababu kipapatio kina kano nyingi na hapo ndipo zinapolainika. Uwekundu karibu na mfupa usikutishe kama kipimo kimefika. Moshi nao hupaka nyama rangi hiyo.

Mchuzi mtamu, kama unaupenda, paka baada ya kuepua. Vikibaki, viingie friji ndani ya saa mbili, na kesho uvipashe kwenye oveni. Kwenye maikrowevu mpira unarudi.