Mtoko wa siku moja na mwenza wako: Dodoma mpaka michoro ya Kolo

Kazi yangu ni kuendesha watu, na kapo nyingi zikifika Dodoma swali ni lile lile, kaka huku kuna nini cha kuona, utadhani tumewekwa jangwani. Huwa nawapeleka Kolo, Kondoa, kuona michoro ya kale ya kwenye miamba. Kama mna gari yenu wala hamnihitaji, fateni hivi.

Hatua ya 1, usiku wa kuamkia safari. Jazeni tanki hapa hapa mjini. Spea tairi msiiangalie kwa macho tu, pimeni upepo, maana mwaka jana nilipata pancha huko ndani, kushusha spea nayo imelala, na bwana na mkewe wakakaa chini ya mti masaa mawili kila mtu kageukia upande wake. Bebeni maji lita tano, kofia na raba. Dada zangu, vile viatu vya picha wekeni kwenye begi.

Hatua ya 2. Saa 11 na nusu alfajiri muwe barabarani. Mnashika njia ya Arusha, mnapita Msalato, Mayamaya, mnaenda tu, ni lami mpaka Kolo penyewe, karibu kilomita 180, na barabara hii imefunguliwa 2018, kabla ya hapo mlikuwa mnafika wekundu kama matofali. Shida yake ni tochi za trafiki za kupima spidi. Kwenye makazi ni 50, ukijisahau unapigwa elfu 30 na hiyo ndo ilikuwa hela ya nyama ya jioni, kwa hiyo asiyeendesha asilale, kazi yake kusoma vibao.

Mkishapita Kondoa angalieni makorongo ya udongo mwekundu. Ardhi ililiwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaleta HADO, mradi wa kuhifadhi ardhi, 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa eneo lile. Wazee wa Kirangi wanalikumbuka hilo vizuri sana, mkimpata mmoja mnunulieni chai mumsikilize.

Hatua ya 3. Pale Kolo pitieni ofisi ya michoro, lipeni, mpewe muongozaji. Msijifanye wajanja kwenda wenyewe, maeneo yenye michoro yanazidi 150 yametawanyika milimani na mnaweza kupita pembeni ya mwamba msione kitu. Hapa lami mnaiacha, gari ya chini muulizeni yeye kwanza, na kama mvua imenyesha ile mito ya mchanga msiibishie.

Hatua ya 4, ndo iliyowaleta. Chagueni sehemu moja, Mungumi wa Kolo, acheni tamaa ya kumaliza zote. Mnapanda kwa miguu, jasho linatoka, halafu mnasimama mbele ya jiwe na mnaona madoa mekundu tu. Msiondoke! Kaeni chini dakika kumi macho yazoee. Taratibu anatokea twiga, anatokea swala, halafu watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa kama wamevaa nywele za bandia. Kuna mmoja yuko katikati, ameshikwa mikono na wengine kushoto na kulia. Wapo wanaosema anatekwa, wengine wanasema ni ngoma ya uganga. Mimi hapo huwa nanyamaza nawaacha wabishane, na hakuna kapo iliyowahi kukubaliana.

Hiyo myekundu ni ya wawindaji wa zamani, ile myeupe iliyokaa juu yake ilikuja baadaye na wakulima. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili 1951, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Lakini kwa wenyeji pale sio makumbusho, wanapanda mpaka leo kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo mkikuta dalili za tambiko msiguse. Na msimwagie maji mwamba eti rangi ing'ae kwenye picha, mnaiua.

Hatua ya 5. Saa 8 mchana muwe mmeshashuka, mle Kondoa mjini, wali au ugali na kuku wa kienyeji, basi. Kama ni Jumamosi msishibe. Msalato kuna mnada, mkiwahi kabla giza halijaingia mnachagua mbuzi kwa kidole, anakatwa mbele yenu, chumvi, ndimu, pilipili pembeni. Ndo hapo sasa yule dada anavaa viatu vyake vya picha, kwenye vumbi la mnada.